Dirisha Lisilouliza Maswali

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua maziwa hapa Tunduma nayanusa mbele ya muuzaji, na mtu akiniambia "usijali" ndipo ninapoanza kujali. Mama yangu kule Igamba anasema nilizaliwa nimekunja uso, namkagua mkunga. Kwa kazi yangu tabia hiyo ni mtaji. Naandika programu za kompyuta, na programu huharibikia mahali ambapo hakuna anayetazama. Lakini ninayoyasimulia hapa ni ya mwaka ule nilioshuku kitu sahihi, nikachoka kukishuku, kisha nikaihamishia shaka yangu kwa mtu. Mtu huyo alikuwa mwaminifu, akapoteza kazi na jina kwa kinywa changu.

Nafanya kazi kwenye yadi ya malori. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo huingia kwetu, yakasubiri hadi yaitwe kuvuka mpaka, na kusubiri huko kunaweza kuwa siku moja au juma zima. Pale yadini foleni ndiyo sheria. Dereva anaweza kuvumilia vumbi, baridi ya Julai na ugali uliopoa, lakini ukimpangia mwenzake aliyeingia nyuma yake aende mbele yake, hapo utaona mtu mzima akivua shati. Kila lori likifika getini, karani analisajili kwa simu ya ofisi, na kwenye skrini kubwa iliyoko kantini orodha inajipanga kwa saa ya kuingia. Aliyewahi yuko juu.

Orodha yenyewe haikai kwetu. Iko kwenye seva ya kampuni iliyotuuzia mfumo, watu wa mbali ambao sijawahi kuwaona uso. Ili programu yangu iliyomo kwenye simu za makarani iongee na seva yao, lazima ipitie mahali maalumu. Wanaoandika programu tunapaita API, na vitabuni utakuta neno kiolesura. Mimi kichwani napaita dirisha, kwa sababu ni kama dirisha la ofisi: unapenyeza karatasi zako, mtu wa ndani anazichukua, na yanayofanyika ndani huyaoni. Unachoweza kujua ni maswali anayokuuliza tu.

Dirisha la zamani lilikuwa na maswali kumi na moja. Kwanza ubishe hodi na kusubiri upewe namba. Kisha uitaje namba hiyo kila unapofungua mdomo. Ueleze lori ni la aina gani, namba yake ina herufi ngapi, geti lipi, karani nani, saa ngapi, na saa hiyo ni ya wapi. Umalize kwa kuuliza kama umesikika, usubiri jibu, ndipo uage. Ukikosea moja linakurudishia namba ya kosa na kunyamaza. Halikwambii umekosea wapi. Liliniliza siku zangu za kwanza kazini, na sisemi kwa mfano.

Upande wetu wa dirisha hilo uliandikwa na mzee aliyenitangulia kazini, ambaye sasa amestaafu na kurudi kwenye kahawa yake karibu na Mbozi Mission. Mistari arobaini na tatu, yote kwa ajili ya kusema "lori limefika." Katikati ya mistari hiyo, pale kwenye swali la saa ya wapi, aliacha maelezo mafupi ambayo kompyuta haiyasomi, ni ya binadamu atakayekuja baadaye. Aliandika: "Hapa tuko mpakani. Usifute." Niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani ni mzee anajivunia mji.

Kisha ikaja barua kutoka kampuni. Dirisha la zamani litafungwa, na wateja wote wahamie la jipya. Waliambatanisha ukurasa mmoja wa maelekezo wenye picha ya msichana anayetabasamu mbele ya kompyuta, kana kwamba kuna mtu duniani hutabasamu akiwa mbele ya kompyuta. Dirisha jipya lilitaka mstari mmoja. Unaandika amri ya kusajili, unaipa namba ya lori, basi. Chini yake waliandika kwamba mengine yote watayashughulikia wao.

Mengine yapi?

Nilichapisha mistari arobaini na tatu ya mzee nikaibandika ukutani, na pembeni yake nikabandika ule mmoja. Nikakaa nayo siku kadhaa. Bosi wangu, mfanyabiashara kutoka Kondoa, mtu wa swala tano na utani mwingi, alipita akasimama mlangoni.

"Injinia, hilo ni tangazo la msiba au la harusi?"

"Sijajua, bosi. Nauliza haya maswali kumi yameenda wapi."

"Yameondolewa. Si ndiyo maendeleo hayo? Mzoea punda hapandi farasi."

"Farasi huyu sijaona miguu yake."

Alicheka akaenda zake, lakini mimi sikuwa natania. Nimekulia kwenye nyumba ya maharage. Kila jioni ya utoto wangu nilikaa na ungo nikichambua mawe, na kazi hiyo naichukia hadi leo. Siku hizi mama ananunua maharage yaliyochambuliwa tayari, yamefungwa kwenye mfuko. Hayana mawe, kweli. Lakini mtu fulani mahali fulani alikaa na ungo, na mtu huyo ndiye aliyeamua lipi ni jiwe na lipi ni haragwe. Ndivyo nilivyoyaona madirisha haya mawili. La zamani lilikupa ungo na mawe yote, likakuachia uamue. La jipya lilikupa mfuko uliofungwa. Ugumu haukuwa umekwisha, ulikuwa umehamia upande wa pili wa ukuta, ambako mimi sina ufunguo.

Wenzangu vijana wanaoandika programu Mbeya na Dar hunicheka ninapozungumza hivi. Wanasema dirisha zuri ni lile ambalo mtoto anaweza kulitumia. Nawajibu kwamba mtoto akilitumia, basi kuna mtu mzima anayemwamulia, na mimi nataka kumjua huyo mtu mzima. Bado naamini hivyo. Balaa langu ni kwamba kuamini jambo na kulifanyia kazi ni vitu viwili.

Niliwaandikia kampuni. Nikauliza saa ya kuingia inatoka wapi. Wakajibu kwa upole kwamba nisijali, mfumo unaisoma wenyewe kutoka kwenye simu. Nikalijaribu wiki mbili. Nilikaa mezani kwangu ofisini, jirani na geti la juu, nikasajili malori ya kubuni asubuhi na mchana, nikalinganisha na saa ya ukutani. Yote yalikaa sawa. Geti la chini, lile linalotazama upande wa mpaka, sikushuka hata siku moja. Nasema ukweli kwa nini: ni vumbi tupu kule, na madereva wana mdomo. Simu iliyo mezani kwangu na simu iliyo geti la chini ni za aina moja, nikajiambia. Nikafuta mistari arobaini na tatu, na maneno ya mzee yakaenda nayo.

Makarani walifurahi. Usajili uliokuwa ukichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai sasa ulikwisha kabla dereva hajashusha kioo. Aliyefurahi zaidi alikuwa karani wa geti la chini. Aliniletea karanga za kukaanga kwenye gazeti.

"Dada, umetuokoa vidole," alisema.

Huyu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, Mnamwanga, mpole, aliyevaa saa ya mkononi yenye mkanda wa ngozi uliochanika. Mpaka uliwapita Wanamwanga katikati kama mtu anavyokata mkate, kwa hiyo nyumba yake ilikuwa Tunduma na mama yake mzazi alikuwa Nakonde, upande wa Zambia, mwendo wa miguu tu. Alikuwa na laini mbili, ya huku na ya kule, kama nusu ya mji. Ya kule ilikuwa ya kuongea na mama. Alizichomeka zote mbili kwenye simu ya ofisi, maana kutembea na simu mbili sokoni Tunduma ni kuwaandalia vibaka mezani. Hakulificha jambo hilo. Kila mtu alilijua.

Baada ya majuma machache madereva walianza kunung'unika. Lori lililoingia saa nne limepangwa juu ya lililoingia saa tatu na nusu. Mara ya kwanza bosi aliwatuliza. Mara ya tatu mmoja alipiga skrini kwa kandambili. Nilifungua kumbukumbu za mfumo nikazipitia mstari kwa mstari, na nikakuta jambo lililonifanya nikae wima. Malori yote yaliyoruka foleni yalikuwa yamesajiliwa geti la chini. Tena na karani yule yule. Na si yote aliyoyasajili, ni baadhi tu, leo matatu, kesho hakuna, kesho kutwa matano. Nikasema moyoni: huyu ni mwerevu. Mwizi mjinga ndiye anayechukua kila kitu.

Hebu msomaji unione vizuri hapo. Nilikuwa na dirisha ambalo nililishuku tangu siku ya kwanza, ambalo nililibandika ukutani, ambalo nililiandikia barua. Na nilikuwa na mtu aliyeniletea karanga. Nikamshuku mtu, na hata zile karanga nikaanza kuziuliza zililetwa kwa nini.

Bosi aliitisha kikao kantini, mchana, baada ya swala ya adhuhuri. Madereva walijaa hadi mlangoni, Watanzania, Wazambia, Wakongo wawili watatu. Bosi akasema wazi kwamba kuna tuhuma za kuuza nafasi kwenye foleni. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Halafu akanigeukia.

"Injinia, mashine inasema nini?"

Nikasimama nikasoma. Namba ya lori, geti, karani. Namba ya lori, geti, karani. Kila nilipofika kwenye karani watu walikuwa wanaitikia kwa mguno. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, mikono katikati ya magoti.

"Mimi naandika namba tu," alisema nilipomaliza. "Saa siandiki mimi, dada. Wewe unajua. Inajiandika."

Alikuwa ameniambia jibu lote, mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida. Nami nikamjibu hivi, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu yaliwachekesha watu:

"Saa inaandikwa na mashine, kaka. Na mashine haina ndugu Nakonde."

Kantini ililipuka kwa kicheko. Kuna aliyepiga meza. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Ni nadra mtu wa kompyuta kuchekesha watu.

Bosi akamwambia akabidhi simu, kazi yake imekwisha. Karani akaomba pini ya kufungulia simu, mama wa kantini akampa ya kwenye khanga yake, naye akatoa laini zake mbili taratibu, akazifunga kwenye leso na kuiweka simu mezani. Nilipoiona laini ya Zambia ikitoka, nikawaza kwamba ndiyo hiyo anayopangia mambo na madereva wa kule. Akaondoka kwa kupitia geti la chini, na waliokuwa nje wakampigia honi.

Kuanzia kesho yake foleni ikanyooka. Hakuna lori lililoruka, si geti la juu wala la chini. Madereva wakasema lisemwalo lipo. Bosi akaniagizia soda. Nami kwa majuma mawili nililala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Aliyeniamsha ni mwanamke anayeniletea dagaa wa kapenta kutoka Nakonde. Alinipigia simu asubuhi moja, kama kawaida yake, nikamwambia aje saa nane.

"Saa nane ya wapi, ba mayo?" aliuliza, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Ya kwenu au ya kwetu?"

Swali hilo mtu wa Tunduma huliuliza na kuulizwa kila siku ya Mungu. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa nne, ukivuka barabara ni saa tatu. Hatupangi harusi, hatupangi msiba, hatukutani na fundi bila kuuliza saa ya wapi. Hata simu zetu tumezizoea: ukiwa upande wa chini wa mji, simu yenye laini ya kule inadaka mnara wa Zambia, saa yake inarudi nyuma yenyewe, ukipanda juu inarudi mbele. Hakuna anayeshangaa. Tunavaa saa za mkononi, au tunamuuliza jirani. Tumezoea kiasi kwamba hatuoni tena.

Nikamjibu "ya kwetu," kisha nikabaki na simu mkononi. Dirisha la zamani lilikuwa linauliza hivyo hivyo. Saa ngapi, na saa ya wapi. La jipya halikuuliza. Lilisoma saa kwenye simu na kudhani ni ya Dar es Salaam.

Nilifungua nakala ya zamani ya programu. Nikayakuta maneno ya mzee pale pale. Hapa tuko mpakani. Usifute. Mzee hakuwa anajivunia mji. Alikuwa ananiambia mimi, kabla hajanijua, na mimi nilicheka.

Bado nilikuwa na tumaini kwamba nimekosea. Mchana mama wa kapenta alipofika nilimwomba laini yake kwa nusu saa. Aliniangalia kwa wasiwasi, na sikumlaumu. Nikaichomeka kwenye simu ya ofisi, nikashuka geti la chini kwa mara ya kwanza tangu mabadiliko yale, nikasimama kwenye vumbi pale alipokuwa akisimama karani. Dakika kumi hakuna kitu. Nikaanza kupumua. Kisha mnara wa Nakonde ukashika, na juu ya kioo cha simu, saa tisa na robo ikawa saa nane na robo. Haikutoa mlio wowote. Nikasajili lori ambalo halipo, nikapanda hadi kantini. Lori langu la hewa lilikuwa limekaa juu ya malori halisi tisa.

Mtandao ulishika siku nyingine, siku nyingine haukushika. Ndiyo maana yalikuwa baadhi tu. Na alipotoa laini zake, tatizo likatoka nazo ndani ya leso. Nikakaa kwenye lile benchi la mbele bila kukusudia.

Nilimweleza bosi. Alinisikiliza hadi mwisho bila utani, kisha akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kama mtu aliyepewa taarifa ya kifo. Halafu akasema, "Kumbe tumemfukuza mtu kwa saa ya Zambia."

Kampuni niliwaandikia kwa hasira. Walijibu siku hiyo hiyo, kwa upole wao ule ule, kwamba uwezo wa kutaja saa ya wapi upo, umeelezwa kwenye kitabu kikubwa cha maelekezo, siyo ule ukurasa mmoja. Nikakifungua. Mle ndani, kurasa za nyuma, nilikuta maswali yote kumi na moja, hakuna hata moja lililokufa. Tofauti ni kwamba kila moja lilikuwa limeshajibiwa kwa niaba yangu na mtu ambaye hajawahi kufika Tunduma, na jibu lake ni sahihi kabisa kwa yeyote anayeishi mbali na mpaka. Nilitamani kuwalaumu wao peke yao. Lakini kitabu kilikuwepo, nami ndiye ninayejisifu kunusa maziwa.

Jumamosi tulikwenda nyumbani kwa karani, mimi na bosi. Mkewe alitupokea, akatupa viti, hakutupa tabasamu. Yeye alirudi baada ya muda, mabega meupe kwa unga, alikuwa amepata kibarua cha kupakia magunia kwenye mashine ya kusaga. Alinawa, akatusalimia vizuri, akakaa. Nikaeleza yote. Nilieleza dirisha la zamani na jipya, mnara, laini, maneno ya mzee. Nikaomba msamaha. Bosi naye akaomba, akasema kazi yake ipo, na siku alizokosa zitafidiwa.

Alikwangua unga kwenye kucha.

"Dada," alisema, "lile karatasi ulilobandika ukutani nililiona. Nilikuwa nakuja kuchukua chaji, nakukuta umesimama mbele yake. Siku nyingi. Nikawa nasema, huyu dada ni makini, kitu chake hakiamini mpaka akijue."

"Ndiyo, kaka."

"Sasa mbona hukusimama mbele yangu mimi hata mchana mmoja? Hukuniita ukaniuliza. Hukushuka getini. Ule mstari ulikaa nao wiki mbili. Mimi umenisoma kwenye karatasi mbele za watu, basi."

Bosi alitazama miguu yake.

"Na mama kanipigia," aliendelea, sauti yake ikashuka. "Madereva walishafika Nakonde na habari kabla mimi sijafika nyumbani. Kaniuliza, mwanangu, ni kweli? Mama yangu mzazi, dada. Kaniuliza kama ni kweli."

Mkewe alitoka nje. Nililia, na hakuna aliyenibembeleza, na sikustahili.

Alikubali kurudi kazini kwa sharti moja. Nilimtaja mbele ya madereva, basi nimtoe lawamani mbele ya madereva. Nikasema hilo ni jambo dogo, nitalifanya Jumatatu. Ni bosi aliyeshtuka kwanza, kwa sababu yeye ni mtu wa usafirishaji. Akaniuliza taratibu, "Madereva gani, injinia?"

Waliokuwa kantini siku ile walikuwa wameshaitwa na kuvuka. Mmoja yuko Kitwe, mmoja Ndola, wengine wamefika Lubumbashi, wengine Kolwezi, na kila walipolala walisimulia kuhusu karani wa Tunduma mwenye ndugu Nakonde. Kichekesho kizuri hakihitaji kibali cha kuvuka mpaka. Waliokuwa yadini Jumatatu walikuwa watu wengine kabisa.

Hata hivyo nilisimama. Nilirudisha kwanza swali la saa ya wapi kwenye programu, nikaliangalia likifanya kazi geti la chini siku nzima kwa laini zote mbili, kisha nikaingia kantini mchana na kusema. Yeye alisimama pembeni ya mlango kwa kuwa mimi nilimwomba awepo. Wengi wa waliokuwa wakila hawakujua nazungumzia nini. Mzambia mmoja mzee aliacha kijiko akanisikiliza hadi mwisho.

"So, ba mayo," alisema, "nani alikuwa anaiba hizo saa?"

"Hakuna aliyeiba. Kosa ni la mstari."

"Mstari nani aliandika?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ugali wake, nshima kwa lugha ya kwao. Nilisema tena Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi, kwa kila kundi jipya, hadi mama wa kantini akaanza kuweza kunisaidia maneno. Mama wa karani, kule Nakonde, nilimfuata mwenyewe. Alinipa kiti na maji. Hakunipa chakula, na kwa wenyeji wa huku hilo linatosha kueleza.

Miezi miwili imepita. Wiki hii nilikuwa kwenye dirisha la ofisi linalotazama geti la chini, nikasikia breki za hewa. Lori jekundu kwa vumbi la Kongo, limerudi kwa safari nyingine. Dereva alitoa kichwa nje nikamtambua, ndiye aliyepiga meza siku ile. Akamwona karani amesimama na simu.

"Heh! Kumbe wamekurudisha!" alipaza sauti, na utingo wake akaanza kucheka kabla hajajua. "Haya, mzee wa foleni, leo unaniuzia nafasi ya ngapi?"

Wengine wawili waliokuwa wakibadilisha tairi wakageuka kutazama. Karani aliandika namba ya lori, akasubiri simu ikubali, akasogea pembeni ampishe. Kisha akainua macho kuelekea kwangu, bila hasira yoyote, kama mtu anayeangalia kama mvua bado inanyesha.

Nikavaa kandambili, nikashuka kwenye vumbi, nikaanza kueleza upya.